Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Bonanza la Mtaa Litakalowahusisha Watu Wenye Ulemavu

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam bonanza huandaliwa kwa mtindo uliozoeleka: uwanja wa shule ya msingi, timu mbili tatu za mpira wa miguu, kuvuta kamba, kukimbiza kuku, muziki mkubwa na soda. Watu wenye ulemavu wakialikwa, mara nyingi hukalishwa kwenye viti vya mbele chini ya turubai, hupigwa picha wakipokea zawadi, kisha hurudi nyumbani bila kugusa mpira. Kamati inayokusudia kuwapa nafasi ya kucheza inapaswa kuanza kazi angalau wiki sita kabla, kwa kuwa karibu kila jambo linalomfanya mtu awe mchezaji au mtazamaji huamuliwa mapema, wakati ambapo bado kuna muda wa kuhamisha kituo cha mchezo, kutafuta mkalimani au kuvunja kizingiti cha mlango.

Barua ya kwanza, hata kabla ya ile ya kuomba kibali kwa mtendaji wa kata na polisi, iende kwa watu wenye ulemavu wenyewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati zao kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji, na pale ambapo kamati hiyo ipo kwa jina tu, vyama vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, kama vile Chama cha Viziwi (CHAVITA) na Chama cha Watu wenye Ualbino (TAS), vinaweza kuelekeza nani wa kushirikiana naye. Mwakilishi mmoja hatoshi. Asiyeona atataka uwanja uwe kimya ili asikie mpira, kiziwi hatakuwa na haja na ukimya huo bali atataka aone bendera ya mwamuzi, na mzazi wa mtoto mwenye usonji atauliza spika zitafungwa upande gani. Mambo hayo hayapatikani kwa mtu mmoja, na ni heri yagongane mezani kuliko uwanjani. Iwapo mjumbe atauliza kwa nini mtaa ujipe gharama hizi, ajibiwe kwamba Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, kinataja michezo na burudani waziwazi miongoni mwa haki hizo.

Fomu ya kujiandikisha iwe fupi, na swali lake kuu liwe mhusika anahitaji nini ili afike, acheze na arudi. Jina la ulemavu peke yake halimsaidii mwandaaji sana, kwani watu wawili wenye mtindio wa ubongo wanaweza kuwa mmoja anakimbia na mwingine anasukumwa. Yapo hata hivyo mambo ya kiafya ambayo lazima yaulizwe: kifafa, ugonjwa wa moyo, jeraha la uti wa mgongo, na dawa ambazo saa yake haipaswi kupita. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa Down, apatikane ushauri wa daktari kabla ya kumwingiza katika sarakasi au mchezo wowote unaobinya shingo, kwa sababu baadhi yao wana ulegevu kwenye pingili za juu za shingo usioonekana kwa macho, na matatizo ya moyo ya kuzaliwa nayo ni ya kawaida kwao. Majibu hayo ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo fomu zishikwe na mtu mmoja anayejulikana, wala zisipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati, jambo ambalo kwa bahati mbaya ndilo la kwanza kufanyika.

Ukaguzi wa uwanja ufanywe na mtu anayetumia kiti mwendo, akiwa kwenye kiti chake, saa ileile ambayo bonanza litaanza. Mchanga wa Dar es Salaam haumtishi anayetembea, lakini magurudumu madogo ya mbele huzama humo na kiti husimama ghafla mwenyewe akitaka kuanguka kifudifudi. Uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu, hata ukiwa umepasuka hapa na pale, unafaa kuliko uwanja mzuri wa nyasi wenye mashimo. Palipo na ngazi pawekwe njia ya mteremko ya mbao, na kanuni ya kukumbuka ni kwamba kila sentimita 10 za kimo zinadai sentimita 120 za urefu. Mafundi wengi huikatisha ikawa kali kama ngazi ya kupakilia mizigo, na hapo mtu atalazimika kubebwa.

Choo kinastahili safari yake ya ukaguzi. Niliwahi kuwa miongoni mwa waandaaji wa bonanza ambalo tulilitengenezea njia nzuri ya mbao kutoka getini mpaka uwanjani, tukajisifu. Dada mmoja aliyekuja na kiti mwendo alikataa maji saa mbili asubuhi, akakataa soda saa nne, na sisi tukadhani amefunga. Ilipofika saa saba, midomo imemkauka, alimwita mama mmoja wa kamati pembeni akamwambia kwamba ameona vidato viwili mbele ya choo tangu alipoingia, hivyo ameamua asinywe chochote. Tangu siku hiyo naanza ukaguzi chooni: mlango uwe na upana wa angalau sentimita 80, ndani pawe na nafasi ya mita 1.5 ya kugeuza kiti, pawe na kitu imara cha kushika, na maji yawekwe mahali ambapo aliyekaa anayafikia. Choo cha shimo kisichokalika kinaweza kuwekewa kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kazi ambayo seremala wa mtaani huimaliza kwa siku moja.

Kuhusu usafiri, kamati isijidanganye kwamba kila mtu atajitegemea. Vituo vya mwendokasi vimelingana na sakafu ya basi, lakini anayeishi Chanika hana kituo hicho karibu, na kondakta wa daladala asubuhi hana subira ya kukunja kiti cha mtu. Bajaji humbeba abiria na kiti kinachokunjika; kisichokunjika kitahitaji kirikuu cha kukodi kitakachofuata nyuma, na dereva wake aelekezwe kwamba viti hivyo visirundikwe kama vitanda vya kuhamia. Nauli ya msaidizi ihesabiwe pamoja na ya mhusika, vilevile chakula chake. Fundi baiskeli aombwe akae uwanjani siku nzima na pampu, gundi na viraka, kwani tairi likipasuka saa tatu asubuhi, mwenye kiti hicho siku yake imekwisha.

Jua nalo lipangiwe. Michezo ianze saa moja na nusu, isimame kabla ya saa tano, na inayobaki irudi saa kumi alasiri. Hilo linawasaidia wote, ila kwa watu wenye ualbino ni suala la uhai, kwa kuwa saratani ya ngozi ndiyo inayowaandama zaidi. Pawe na kivuli cha kutosha kando ya kila kituo cha mchezo, kofia za ukingo mpana, ruhusa ya kucheza na mikono mirefu hata kama jezi ni fupi, na losheni ya kukinga jua. Losheni iitwayo Kilisun, inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, imetengenezwa mahsusi kwa ajili yao. Wengi wao pia hawaoni mbali, kwa hiyo mpira uwe na rangi kali inayotofautiana na ardhi. Kundi jingine linalosahaulika ni walioumia uti wa mgongo sehemu za juu: chini ya jeraha hawatoki jasho vya kutosha, mwili unashindwa kujipoza, na mtu anaweza kuzidiwa na joto huku wenzake wakiona hali ni ya kawaida. Chupa za kunyunyizia maji na vitambaa vilivyoloweshwa ni dawa rahisi, mradi viwe vimeandaliwa.

Katika kuchagua michezo ndipo kamati nyingi hukwama, kwa sababu huchukua mpira wa miguu na kujaribu kuuegemezea kila mtu. Ni afadhali kuchagua michezo ambayo sheria zake tayari zinawaweka watu sawa. Goliboli, uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, huchezwa na watatu kila upande kwenye eneo la mita 18 kwa 9, wote wakiwa wamefunikwa macho, na mpira wenye njuga ndani huviringishwa kuelekea goli la wapinzani. Kwa kuwa kila mchezaji hufunikwa macho, kijana anayeona hana ubora wowote juu ya asiyeona. Kwa kawaida hufungwa magoli matano kabla hajajua mpira unatokea wapi. Mistari huwekwa kwa kamba ya katani iliyobanwa chini ya utepe wa gundi ili isomeke kwa mkono na kwa mguu. Mpira wa wavu wa kukaa huhitaji eneo la mita 10 kwa 6 na wavu wenye kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, na waliokatwa miguu hucheza bega kwa bega na wenye miguu miwili, makalio yakigusa chini kila wanapopiga mpira. Bocha, mchezo wa kurusha mipira sita myekundu na sita ya bluu ili iukaribie mmoja mweupe, unamfaa hata mtu asiyeweza kushika vizuri, kwani anaruhusiwa kuuachia mpira uteremke kwenye mfereji ulioshikwa na msaidizi.

Bao halihitaji marekebisho makubwa. Mashimo 32 na kete 64 husomeka kwa vidole, na kinachotakiwa ni kila mchezaji atamke anapoanzia na anapoishia, na mpinzani apewe muda wa kupapasa. Meza tu iinuliwe ili magoti ya aliye kwenye kiti mwendo yapite chini yake. Kwa mbio za wasioona, waongozaji wapatikane mapema na wafanye mazoezi pamoja na wakimbiaji wao, wakiwa wameshika kamba fupi, na mwongozaji awe na kasi kuliko anayemwongoza. Henry Wanyoike wa Kenya alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 akimkokota mwongozaji wake aliyeishiwa nguvu karibu na utepe, na si kila mkimbiaji wa mtaani ataweza kufanya hivyo. Palipo na wachezaji wenye ulemavu wa akili, timu zichanganywe kwa kulinganisha umri na uwezo, maana timu yenye kijana mmoja hodari anayefunga magoli yote huwaacha wengine wakimtazama kama walivyokuwa wakitazama chini ya turubai.

Mshereheshaji na mpiga muziki waitwe kwenye kikao, wasisubiri siku yenyewe. Goliboli haichezeki spika zikiwa zinanguruma, kwa hiyo ratiba ionyeshe dakika ambazo muziki unazimwa na watazamaji wanaombwa kimya mpaka goli lifungwe. Chumba kimoja cha darasa kiachwe kitulivu, chenye mikeka, kwa ajili ya yeyote anayelemewa na kelele. Waamuzi wote wabebe bendera pamoja na filimbi, na mbio zianzishwe kwa kushusha bendera. Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili au zaidi ili wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi, wasimame ambapo jua halipo mgongoni mwao, na walipwe kama mafundi wengine wanavyolipwa. Hotuba ya mgeni rasmi iwafikie wakalimani mapema, naye aombwe asiseme "zeruzeru" wala "taahira". Ombi hilo lipitie kwa katibu wake, kwa heshima, lakini lipite.

Wasaidizi wa kujitolea wafundishwe siku moja kabla, na wanaofundisha wawe wenye ulemavu. Wajue kwamba kiti mwendo hakisukumwi bila ruhusa ya mwenyewe, na kwamba asiyeona ndiye anayeshika kiwiko cha anayemwongoza, hakokotwi kwa mkono. Wajue pia la kufanya mtu akipatwa na kifafa, kwa sababu wengi mtaani bado huamini kwamba povu lake linaambukiza na hukimbia, huku mwingine akitafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Asitiwe chochote mdomoni, asibanwe, aondolewe vitu vigumu vilivyo karibu, alazwe ubavu degedege likiisha, na saa itazamwe tangu mwanzo; likipita dakika tano, gari liondoke kwenda hospitali. Gari hilo liwe limeegeshwa likitazama getini, na dereva asitumwe kufuata barafu.

Chakula kipelekwe walipo wale wasioweza kubeba sahani, kama mwenye magongo, na mirija iwepo. Anayemeza kwa shida apewe chakula laini akiwa amekaa wima, bila kuharakishwa. Picha zipigwe kwa ridhaa iliyoandikwa kwenye fomu, na asiyetaka apewe utepe wa rangi mkononi ili mpiga picha amtambue kwa mbali.

Orodha ya kuondoka iandaliwe pamoja na ya kufika, ikionyesha nani anarudi na chombo gani na nani atampokea nyumbani, na safari za mbali zianze kabla ya saa kumi na mbili jioni, hasa za watu wenye ualbino ambao familia zao bado zina sababu ya kuogopa giza. Mjumbe mmoja abaki getini na orodha hiyo mpaka simu ya mwisho ipigwe kusema mtu amefika, ndipo turubai lishushwe.