Somo: Kilo 28 za chokaa zinataka mawe kiasi gani?

Mawe ya chokaa, kama yale yanayolishwa kiwanda cha saruji cha Songwe hapa Mbeya, yakipata joto la nyuzi 900 hivi hutengana. Inabaki chokaa, kabonidayoksaidi inapaa.

CaCO₃ → CaO + CO₂

Tunataka chokaa (CaO) kilo 28. Tuchome mawe kiasi gani?

1. Hakiki mlinganyo. Huu umeshasawazika.

2. Tafuta uzito wa moli moja (moli ni kipimo cha kuhesabia chembe, kama dazani inavyohesabu mayai). Ca ni 40, C ni 12, O ni 16. Kwa hiyo CaCO₃ ni gramu 100, CaO gramu 56.

3. Geuza unachokijua kiwe moli: 28,000 ÷ 56 = 500.

4. Soma uwiano kwenye mlinganyo. Hapa ndipo maksi zinapopotea. Namba zilizo mbele ya fomula zinahesabu moli, hazihesabu gramu. Moli 1 ya jiwe hutoa moli 1 ya chokaa, basi moli 500 za chokaa zimetoka kwenye moli 500 za jiwe.

5. Rudi kwenye uzito: 500 × 100 = gramu 50,000, yaani kilo 50. Kilo 22 zilizopungua ni gesi.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Lazima nigeuze kilo kuwa gramu?
– Marahaba. Si lazima: 28 × 100 ÷ 56 inakupa kilo 50 palepale. Ila kwenye mtihani onyesha moli, msahihishaji anazitafuta.

Mawe ya huku kwetu Mbozi yana udongo. Yakiwa safi kwa asilimia 80 tu?
– Gawanya: 50 ÷ 0.8 = kilo 62.5. Ukizidisha utapata kilo 40, na hapo ujiulize inakuwaje mawe machafu yahitajike machache kuliko safi.

Na uwiano usipokuwa 1 kwa 1? Niko Iringa, kidato cha tatu.
– Swali zuri kuliko mfano wangu. Chukua potasiamu kloreti: 2KClO₃ → 2KCl + 3O₂. Unataka oksijeni gramu 9.6. Moli moja ya O₂ ni gramu 32, hivyo hiyo ni 9.6 ÷ 32 = moli 0.3. Moli 3 za oksijeni hutoka kwenye moli 2 za kloreti, kwa hiyo 0.3 × 2 ÷ 3 = moli 0.2. Zidisha kwa 122.5, uzito wa moli moja ya KClO₃: gramu 24.5.