Lister CS inayoendesha jenereta: nyoosha mwendo kabla ya kugusa volti

Injini ya dizeli ya Lister CS 6/1, iwe ya Dursley, Uingereza, au nakala yake iliyotengenezwa India, hutoa nguvu farasi 6 ikizunguka mara 650 kwa dakika. Jenereta ya poli 4 (ncha nne za sumaku) inahitaji mizunguko 1500 kwa dakika ili itoe 50 Hz. Mafundi wengi, taa zikififia, hukimbilia kuongeza volti. Usifanye hivyo. AVR (kifaa kinachodhibiti volti ya jenereta) inayolazimisha volti 230 wakati injini imeshuka hadi 42 Hz huunguza rota, transfoma na mota za friji, kwa sababu chuma cha vifaa hivyo kinajaa sumaku na nyaya zinavuta mkondo kupita kiasi. Herzi kwanza, volti baadaye.

Anza na puli. Mkanda ukipita juu ya flaiwili yenye kipenyo cha milimita 610, puli ya jenereta kwa hesabu tupu ni 610 × 650 ÷ 1500, yaani milimita 264. Lakini mkanda huteleza kidogo, kama asilimia 2, kwa hiyo puli ya 260 ndiyo itakayokufikisha karibu na 1500.

Sasa gavana, yaani kifaa kinachotuliza mwendo wa injini kwa kuongeza au kupunguza mafuta, na hapa usiwe na haraka. Zima injini, chomoa kiungo kinachoshika reki (fimbo inayopima mafuta) ya pampu ya dizeli, kisha isukume reki kwa kidole. Iteleze mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Ikikwama hata mahali pamoja, injini itapanda na kushuka mwendo bila kutulia, na hakuna springi itakayoiponya. Safisha kwa dizeli safi. Kagua pini na matundu ya viungo vyote: pini iliyolika huacha nafasi, gavana inachelewa kujibu, halafu inajibu kupita kiasi. Badilisha pini, au panua tundu na uweke bushi. Toa pia hewa kwenye mpira wa mafuta, na hakikisha nozeli haidondoshi matone. Dalili za hewa na za nozeli inayodondosha hufanana kabisa na za gavana mbovu.

Chomoa friji, televisheni na kompyuta. Washa injini ipate moto kwa nusu saa, kisha soma herzi kwa multimita. Bila mzigo, rekebisha skrubu ya springi ya gavana hadi upate 52 Hz, ukaze nati ya kufungia. Ongeza mzigo wa hita au pasi, wati 500 kwa hatua, hadi wati 3000. Herzi zikishuka taratibu hadi 50 au 49, gavana ni nzima. Gavana ya aina hii lazima ishuke kidogo ndipo iongeze mafuta. Zikishuka chini ya 48, springi imechoka, mkanda unateleza, au silinda imepoteza mgandamizo.

Hapo ndipo uguse volti, injini ikiwa bado moto, kwa sababu waya wa rota ukipata joto ukinzani wake hupanda na volti hushuka. Kwenye jenereta za ST (aina ya Kichina yenye burashi), kagua kaboni, yaani burashi zenyewe, na pete zake za shaba. Pete zikiwa nyeusi, zima injini uzisugue kwa msasa wa kioo. Msasa wa emeri huacha chembe zinazopitisha umeme. Jenereta isipotoa umeme kabisa baada ya kukaa muda mrefu, huenda rota imepoteza sumaku iliyobaki. Jenereta ikiwa imesimama, chomoa waya za rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC) kwenye kaboni, gusisha betri ya volti 12 kwa sekunde mbili, chanya pale ilipokuwa chanya ya rektifaya, kisha rudisha waya.

Taa zikipepesa mara tano hivi kwa sekunde, hilo si kosa la AVR. Injini hii ya silinda moja huwaka mara moja kila mizunguko miwili, yaani mara 325 kwa dakika, na kila mlipuko husukuma jenereta. Flaiwili ndogo ya ziada kwenye shafti ya jenereta hupunguza mpepeso huo.