Namna ya kutumia dawa za sonona zinazofanya kazi kwenye serotonini

Dada mmoja alinirudishia dirishani pakiti ya fluoksetini, vidonge 9 vikiwa vimetoka na vilivyobaki vikiwa havijaguswa, akaniambia kwa upole, "Dokta, hii haijanisaidia, naomba unibadilishie." Nilipomuuliza alielezwa nini siku ile alipoandikiwa, alijibu kwamba aliambiwa serotonini yake imepungua kichwani na vidonge vitairudishia. Kwa maelezo hayo alikuwa na haki ya kukata tamaa, kwa kuwa kilichopungua mwilini tumezoea kukiona kikijazwa upesi, kama mtu aliyeishiwa maji anavyotundikiwa dripu asubuhi na kuinuka jioni. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyeandikiwa dawa ya aina hii au anayemuuguza aliyeandikiwa.

Serotonini ni kemikali ambayo seli za neva huitumia kupashana habari. Seli moja huimwaga kwenye mwanya mwembamba ulio kati yake na jirani yake, jirani huipokea, kisha ile iliyoimwaga huifyonza tena ili itumike upya. Fluoksetini, setralini na sitalopramu huzuia ufyonzaji huo, hivyo serotonini hukaa mwanyani kwa muda mrefu zaidi. Jambo hilo huanza ndani ya saa chache baada ya kumeza, lakini nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na mara nyingi huhitaji wiki 6 hadi 8 ili iwe kamili. Tofauti hiyo kati ya saa na wiki ndiyo inayotuonyesha kwamba sonona haifanani na tangi lililokauka, bali neva zenyewe zinahitaji muda wa kujipanga upya katika hali ambayo dawa imeileta.

Dhana ya upungufu haikutoka hewani. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View jijini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa ya iproniazidi walionekana wakichangamka kupita matarajio, na baadaye, ilipobainika kwamba dawa za namna hiyo huongeza kemikali kama serotonini, wataalamu walidhani kuwa basi sonona husababishwa na uchache wake. Mwaka 2022 kundi lililoongozwa na Joanna Moncrieff wa London lilipitia tafiti za miongo kadhaa, na halikuona ushahidi thabiti wa dhana hiyo. Wapo waliosikia habari hizo wakatupa vidonge vyao, na hilo linaniumiza, kwa sababu chanzo cha ugonjwa na msaada wa dawa ni mambo mawili tofauti. Uchambuzi wa majaribio 522 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba dawa zote 21 zilizolinganishwa ziliwasaidia watu wazima wenye sonona kuliko vidonge visivyo na dawa, ingawa kwa wengi tofauti hiyo haikuwa kubwa.

Kwa hiyo usilipie kipimo cha damu cha kuangalia kama serotonini yako imeshuka, maana kiasi cha asilimia 90 ya serotonini ya mwili kiko kwenye utumbo, na ile iliyo kwenye damu haisemi lolote kuhusu ubongo. Vilevile usihangaike kula ndizi kwa nia hiyo. Ndizi ina serotonini kweli, lakini haivuki kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo.

Kabla ya kidonge cha kwanza, mweleze daktari kama umewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, kulala saa chache bila kuchoka na kutumia fedha ovyo, kwa kuwa mtu wa hali hiyo akipewa dawa hizi peke yake anaweza kupandwa na wazimu wa furaha. Mweleze kama una mimba au unanyonyesha. Kisha taja kila unachomeza, hata ulichonunua duka la dawa bila cheti. Tramadoli ya kutuliza maumivu, pamoja na linezolidi wanayopewa wenye kifua kikuu sugu, zikikutana na dawa hizi zinaweza kuzidisha serotonini hadi mgonjwa akatetemeka, akatoka jasho jingi, akaharisha, akapanda joto na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazozinunua kwa maumivu ya mgongo bila kufikiri, huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni.

Kidonge cha fluoksetini humezwa asubuhi, kwa sababu kikimezwa usiku huweza kufukuza usingizi. Wiki ya kwanza na ya pili ndizo ngumu kuliko zote: kichefuchefu, kichwa kuuma, na kwa mwenye wasiwasi, wasiwasi wenyewe unaweza kupanda kabla ya kushuka, ndiyo maana wengi wa hao huanzishiwa dozi ndogo. Aliye chini ya miaka 25 asiachwe peke yake katika kipindi hiki, kwani mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Yakitokea, kwa umri wowote, nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na mtu. Hamu ya tendo la ndoa ikipungua, sema bila aibu, kwa maana dozi au dawa inaweza kubadilishwa.

Yule dada nilimwomba aendelee, na atundike kalenda ukutani, kila usiku aandike saa alizolala, alichokula na kama alitoka nje. Nafuu huja kimyakimya, na mgonjwa mwenyewe huwa wa mwisho kuiona. Wiki ya 5 aliniletea kalenda hiyo. Siku zote zilijaa "sikutoka", mpaka Jumamosi moja alipoandika "nimesuka nywele".

Dawa isiwe tegemeo pekee. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, ambako watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao, na sonona ikapungua sana bila kidonge hata kimoja. Ukipata mshauri au kikundi cha namna hiyo, jiunge, hasa kama sonona yako si kali.

Ukishapona, usiache. Endelea kwa miezi 6 angalau tangu siku ulipojiona mzima, na zaidi ikiwa sonona imewahi kukurudia. Wakati wa kuacha ukifika, daktari atakupunguzia dozi hatua kwa hatua kwa wiki au miezi, kwani ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira na mishtuko kichwani inayofanana na ya umeme. Hali hiyo huanza siku chache baada ya kuacha na mara nyingi hutulia dozi ikirejeshwa, ilhali sonona inayorudi hujikusanya taratibu kwa wiki kadhaa. Andika tarehe ya kila punguzo kwenye kalenda ileile ili daktari aweze kuzitofautisha.