Kukusanya Mabango ya Sinema ya Zamani na Kuyatundika Nyumbani

Bango la sinema halikutengenezwa ili lidumu. Lilichapwa kwenye karatasi ya bei nafuu, likabandikwa nje ya jumba la sinema kwa muda mfupi, kisha likararuliwa, likatupwa au likarudishwa kwa msambazaji. Kwa hiyo mkusanyaji anayeanza anahitaji maarifa mawili kabla ya kutoa fedha zake: kulitambua bango halisi, na kulitunza bila kulifanyia jambo lolote lisiloweza kutenduliwa baadaye.

Ni vyema kuanza na nchi moja au kipindi kimoja, kwa sababu kila nchi ilikuwa na vipimo vyake. Bango la kawaida la Marekani lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa takriban inchi 41 hadi miaka ya 1980, ndipo urefu ukapungua kufikia inchi 40. La Uingereza lililala kwa upana, inchi 40 kwa 30. Chukua futi ya kupimia kila unapokwenda kununua. Ukioneshwa bango linalodaiwa kuwa la Marekani la miaka ya 1950, nalo lina inchi 24 kwa 36, hicho ni kipimo cha nakala za kisasa zinazouzwa madukani.

Kuanzia miaka ya 1940 hadi miaka ya 1980, mabango mengi ya Marekani yalisambazwa na kampuni ya National Screen Service, nayo iliyawekea namba sehemu ya chini, mara nyingi upande wa kulia. Namba kama 54/312 huonesha kwamba bango ni la mwaka 1954, na herufi R ikitangulia, filamu ilikuwa imerudishwa sinemani, hivyo bango hilo si la toleo la kwanza. Katika kipindi hicho mabango kwa kawaida yalikunjwa kabla ya kutumwa, kwa hiyo mikunjo si dosari ya kuogopa. Itazame kwa lenzi: kwenye mkunjo wa kweli wino umepasuka na nyuzi za karatasi zinaonekana, ilhali kwenye nakala mkunjo wenyewe umechapwa, na kidole kikipita juu yake hakihisi chochote. Soma pia majina madogo ya waigizaji na mafundi, kwani katika nakala iliyoskaniwa herufi hizo huwa na ukungu.

Bango lililochanika lisiguswe na selotepu. Gundi yake hupenya kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia ambalo hata fundi stadi hulitoa kwa shida. Wataalamu wa kuhifadhi karatasi hulibandika bango juu ya karatasi isiyo na asidi na kitambaa cha pamba, kwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo inaweza kuondolewa kwa maji. Fundi wa fremu akikushauri alibandike moja kwa moja juu ya ubao kwa joto, mkatalie kwa heshima, hata kama litanyooka vizuri kiasi gani.

Katika fremu, kila kinachogusa bango kiwe hakina asidi, na karatasi isigusane na kioo, maana unyevu ukinaswa kati yake wino huweza kugandia kioo. Weka kadi ya mpaka, yaani kadi nene inayozunguka kingo za bango, au vipande vyembamba vya kutenganisha. Kwa bango kubwa ninapendelea akriliki, yaani plastiki angavu inayowekwa badala ya kioo, ya aina inayozuia mionzi ya urujuanimno: ni nyepesi, na ikivunjika haikati karatasi. Hata hivyo akriliki haizuii mwanga wote, na rangi iliyopauka hairudi, hivyo chagua ukuta usiopigwa na jua saa yoyote ya siku.

Kwa wakazi wa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, unyevu ni adui mkubwa kama jua. Usitundike kwenye ukuta wa nje unaovuja wakati wa masika wala karibu na jiko au bafu, na bandika vipande vidogo vya mpira nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite. Yasiyotundikwa yalazwe bapa kwenye droo, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki angavu ya poliesta, nawe uyakague mara kwa mara kwa ajili ya mchwa na kuvu.