Kabla Simu Haijalia: Fundi Aliyejiajiri Aamue Vipi Kazi Mji Ukifungwa

Mimi ni fundi wa mabomba, mkaazi wa Likoni, Mombasa, na kazi zangu nyingi ziko ng'ambo ya kivuko: Kizingo, Tudor, Nyali, mara moja moja Bamburi. Juzi kijana niliyemfunza kazi aliniuliza, "Ami, wakati wa korona ulikuwa unajuaje siku ya kutoka na siku ya kukaa?" Nilimjibu maneno mawili matatu, kisha usiku nikaona sikumtendea haki. Kwa hivyo nayaandika hapa yote, yamfae yeye na fundi mwingine yeyote ambaye asipotoka, nyumbani hakupikwi: wa umeme, wa friji, seremala, na fundi wa rangi.

La kwanza, usingoje sheria ikuamulie. Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kafyu ikaanza tarehe 27, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili zikafungwa Mombasa, Kilifi na Kwale, hakuna kuingia wala kutoka, na tarehe 6 Mei ukafungwa Mji wa Kale peke yake. Lakini mchana, ndani ya kaunti, hakuna amri iliyomkataza fundi kushika spana. Binamu yangu ni fundi umeme Kampala, na kule mwisho wa Machi magari ya watu binafsi yalisimamishwa, boda boda zikaachiwa mizigo tu. Yeye aliamuliwa. Mimi niliachiwa mlango wazi, na mbele ya mlango ule nimepoteza usingizi mwingi kuliko yeye.

Usiku, hata hivyo, haukuwa wetu. Wafanyakazi wa huduma zilizotajwa kuwa muhimu walikuwa na ruhusa ya kutembea wakati wa kafyu. Fundi wa kujitegemea hana barua ya mtu yeyote mfukoni, na waliokamatwa wakivunja kafyu walikuwa wakipelekwa karantini siku 14. Ukipigiwa saa mbili usiku kwamba bomba limepasuka, kazi hiyo ni ya kesho.

Uamuzi wenyewe ufanye nyumbani, kabla simu haijalia. Hili ndilo nililochelewa kulijua. Simu ikilia huku unga umeisha, utasema ndiyo kwa kila kazi, na utajiambia umefikiri.

Kaa na watu wa nyumbani na daftari. Swali la kwanza ni nani anaishi humu na afya yake ikoje. Kwetu tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu, wakati huo ana miaka 67 na kisukari cha miaka mingi. Nikimletea mama ugonjwa ule, hakuna hela ya kazi yoyote itakayonifuta machozi. Hilo liliandikwa juu kabisa ya ukurasa, kwa mwandiko wa mke wangu.

Swali la pili ni pesa, na hapa usikisie. Tulipiga hesabu ya wiki. Kodi ya 6,500 kwa mwezi, kwa wiki ni kama 1,625. Chakula 450 kwa siku, yaani 3,150. Dawa za mama 400. Maji na tokeni za stima 350. Jumla 5,525. Mke wangu alikuwa anapika mahamri na mbaazi, akipata kama 1,500 kwa wiki kutoka kwa majirani. Zikabaki 4,025. Niliitazama ile namba muda mrefu. Miezi yote ile nilikuwa naishi kama mtu anayehitaji kila kazi inayopita, kumbe nilihitaji 4,025 kwa wiki: kazi mbili nzuri, au tatu ndogo. Ukishaijua namba yako, unaweza kukataa kazi bila kutetemeka. Skuli nazo zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo karo haikuwemo. Wewe itie kama inakuhusu.

Kisha ishushe namba hiyo. Nenda kwa mwenye nyumba kabla mwezi haujaisha, usingoje aje kugonga. Mimi nilimwendea wangu tarehe 20, nikamwomba nilipe nusu kwa nusu, na nikamtengenezea mfereji wa uani uliokuwa unavuja tangu Januari. Alikubali. Mikopo ya simu jiepushe nayo. Ni kweli serikali ilisimamisha kwa muda kuwapeleka CRB, wale wanaoweka rekodi za wakopaji, wanaochelewa kulipa, lakini deni lenyewe halikusimama. Na usinunue vifaa vya mteja kwa pesa yako. Mwambie atume ya vifaa kwanza. Tangu Machi mwaka ule M-Pesa haikukata ada kwa kutuma chochote kisichozidi shilingi 1,000, kwa hivyo hakuwa na sababu ya kukataa, na wewe huna haja ya kushika noti iliyopita mikono kumi.

Sasa kazi zenyewe. Kila iliyoingia niliipima kwa maswali matatu, na la kwanza ni hili: isipofanywa leo, nini kitaharibika?

Mombasa maji ya mfereji huja kwa zamu. Nyumba isiyo na tangi hununua mitungi ya lita 20 kwa wenye mikokoteni, na mwaka ule tuliambiwa tunawe mikono kila saa. Bomba linalovuja lilikuwa linamwaga kitu ambacho mtu alikingoja wiki nzima. Kazi ya namna hiyo nilitoka kuifanya. Kubadilisha sinki kwa sababu rangi haipendezi, hapana, hata kwa malipo mara mbili.

Swali la pili: nitafanyia wapi? Mwanzoni tulikuwa tunafuta spana kwa jiki mpaka vidole vinachubuka, na baadaye ikajulikana wazi kwamba hatari kubwa iko kwenye hewa ya ndani, watu wakivuta pumzi moja chumba kimefungwa. Kwa hivyo paa, uani, tangi, kisima na mita ni kazi za nje, zichukue kwanza. Choo chenye dirisha, sawa, kwa haraka. Chumba cha AC kilichofungwa pande zote, kikiwa na watu, hicho kikatae.

Swali la tatu: nitarudije? Tarehe 27 Machi, ile Ijumaa ya kwanza ya kafyu, nilikuwa Likoni upande wa kisiwani jioni na umati wa watu waliotaka kuvuka. Tuliambiwa tuachane nafasi, na hakukuwa na nafasi ya kuachana. Moshi wa machozi ukarushwa, watu wakakimbia wakikanyagana, nami nikaiangusha spana ya bomba ya inchi 14 niliyoachiwa na mwalimu wangu wa kazi. Sikuipata tena. Tangu siku hiyo, kazi ambayo siwezi kuimaliza saa tisa alasiri nikiwa bado na njia ya kurudi, siianzi. Mwezi wa Ramadhani niliirudisha nyuma hadi saa nane, maana magharibi na kafyu zilikuwa zinafuatana kama mtu na kivuli chake.

Nauli nayo ihesabu. Matatu za abiria 14 zilikuwa zinabeba wanane, na safari yangu ya 50 ikawa 100. Feri kwa mtembea kwa miguu ni bure, lakini Bamburi kwenda na kurudi ilinilia 400 kwa magari ya kuunganisha. Kazi ya 800 kule ilikuwa inaniachia 400 na magari manne niliyobanana na watu. Nilipoiandika hivyo daftarini, nikaacha kuzichukua kazi ndogo za mbali.

Kuna mama mmoja mjane Tudor alinipigia wiki ya pili ya Ramadhani. Tangi lake la lita 2,000 juu ya paa lilikuwa linafurika, maji yanashuka ukutani, na zamu yake nyingine ya maji ilikuwa mpaka wiki ijayo. Nilimwambia anipigie tena kwa video ya WhatsApp, nikamwelekeza valvu ilipo karibu na mita: "Mama, shika ile ya kichwa chekundu, izungushe kama unafunga chupa, polepole." Maji yakasimama. Asubuhi nikavuka, nikapanda kwa ngazi ya nje bila kuingia nyumbani mwake. Boya, lile linaloelea na kufunga maji tangi likijaa, lilikuwa limepasuka upande wa chini na kujaa maji, limezama kama jiwe, kwa hivyo mkono wake haukuweza kupanda kufunga. Nikatia jipya, nikaukunja mkono kidogo maji yasimame vidole vinne chini ya bomba la kumwagia. Dakika arobaini, upepo wa bahari usoni, na yeye amesimama barazani na barakoa yake akiniombea dua. Hiyo ndiyo kazi ya kutoka.

Ile nyingine nilitoka kuifanya mwishoni mwa Mei, na nilitoka kwa sababu ya deni. Mwenye fleti moja Nyali alitaka bafu mbili mpya, 18,000, wiki mbili. Nilikuwa nimebakiza nusu ya kodi. Daftari lilikuwa wazi mbele yangu: si ya haraka, ni ya ndani, tuko mafundi watano, madirisha yamefungwa vumbi lisiende kwa jirani. Maswali mawili kati ya matatu ilikuwa imeyashindwa. Nikaenda. Siku ya tatu fundi wa vigae akawa anakohoa hata hawezi kushika mwiko, na msimamizi akasema ni vumbi la saruji. Jioni nikasikia kwa mtu mwingine kwamba alikuwa na homa tangu Jumapili na msimamizi alijua. Nililala chumba cha uani siku 14, mke wangu akiniwekea sahani juu ya ndoo iliyopinduliwa na kurudi nyuma. Nilimsikia mama akikohoa usiku kwa mafua yake ya kawaida, nikakaa macho mpaka alfajiri. Alisalimika, alhamdulillahi. Mimi nililipwa siku tatu tu na nikapoteza wiki mbili. Kodi niliyoikimbilia niliilipa Julai.

Kwa hivyo weka kanuni hii nyumbani: kazi iliyoshindwa maswali mawili kati ya matatu, si ya kufikiriwa tena, na mwenye haki ya kusema "hii hapana" awe mtu mwingine wa nyumbani, wala si wewe mwenye deni. Kwetu akawa mke wangu.

Ukiikubali kazi, zungumza na mteja kabla hujavuka. Usione haya. Mimi nilikuwa nasema hivi: "Mama, kabla sijaja nataka kukuuliza, nyumbani kuna mtu mwenye homa, kikohozi, au asiyesikia harufu? Basi nikifika, naomba dirisha na mlango viwe wazi, na nyinyi mkae barazani mpaka nimalize. Chai nashukuru, siku nyingine." Watu wa kwetu kumkatalia fundi maji ya kunywa ni aibu, kwa hivyo ondoa aibu hiyo mapema, uikatae wewe. Kama kuna mgonjwa, usimkaripie aliyekwambia kweli. Msaidie kwa simu afunge maji, mwambie utakuja baada ya siku 14. Mimi ushauri wa simu nilikuwa natoza 200, na wajane na wazee sikuwatoza.

Barakoa chukua mbili, ya pili ya kubadilisha ya kwanza ikilowa jasho, kwa sababu chini ya sinki italowa. Faini ya kutoivaa ilikuwa mpaka shilingi 20,000. Ukirudi, nguo ziingie kwenye ndoo ya sabuni nje, uoge, ndipo usalimie.

Mtu wako wa mkono, yaani msaidizi wako, je? Huyu wengi tunamsahau. Yeye analipwa kwa siku, hawezi kukwambia hapana, na nyumbani kwake ana watu wake. Ukimwita, umemwamulia. Mimi nilimwuliza maswali yaleyale kuhusu nyumba yake, nikajua analala chumba kimoja na nyanya yake. Kuanzia hapo kazi za nje nilimwita, za ndani nilikwenda peke yangu, na kila Ijumaa nilimtumia 500 hata kama hakuna kitu tulichofanya pamoja. Niliiandika kwenye ile hesabu ya wiki, ikawa 4,525. Kama namba yako haiwezi kubeba hiyo, mwambie mapema atafute kibarua kingine, usimwache akikungoja kituoni.

Na usidhani siku ya kufungua mji ndiyo siku ya kufunga daftari. Mipaka ya Mombasa ilifunguliwa tarehe 7 Julai 2020, na mwezi uleule wagonjwa wakaongezeka. Simu zikawa nyingi ghafla, kila mtu anataka bafu lake. Mimi kanuni ya kazi za ndani niliiacha mahali pake. Chanjo za kwanza zilifika Kenya Machi 2021, na wenye umri wa miaka 58 na zaidi waliruhusiwa mapema. Nilimvusha mama kwa feri mwenyewe, mara mbili, tukisimama ubavuni penye upepo. Wiki tatu baada ya sindano ya pili nikampigia yule mama wa Tudor, ambaye jikoni mwake kulikuwa na bomba lililokuwa likisubiri mwaka mzima, nikamwambia sasa naweza kuingia ndani.