Kuiga kahawa ya Vietnam mkahawani
Ukitaka kinywaji kinachokaribia cà phê sữa đá ya Vietnam (kahawa ya barafu yenye maziwa mazito matamu) katika mikahawa kama Starbucks, agiza spreso (kahawa kali ya kikombe kidogo) mbili au tatu ndani ya kikombe kikubwa, na barafu uiombe kando. Koroga humo vijiko viwili vya maziwa mazito matamu ya kopo, ambayo huenda ukalazimika kwenda nayo mwenyewe (sharubati ya vanila haifidii ladha yake), spreso ikiwa ingali ya moto, ndipo utie barafu. Maziwa hayo yakikutana na baridi kwanza hutuama chini bila kuchanganyika. Mbinu hii haifai kwa kahawa iliyolowekwa katika maji baridi, wala kwa buni iliyokaangwa kidogo, kwani Wavietnam hutumia zaidi aina ya buni iitwayo robusta, iliyo chungu kuliko aina ya arabika.