Somo: Pazia au blaindi? Chumba kwa chumba, kwa nyumba zetu za Mombasa

Wiki hii nimeulizwa swali hili mara sita, na mara mbili aliyeuliza ni yule yule. Naliandika hapa likae. Atakayeniandikia pembeni tena nitamrudisha huku bila hata kumjulia hali.

Hatua ya 1: uliza upepo. Huku kwetu dirisha ni feni ya pili, na stima ikipotea ndiyo feni ya pekee. Pazia la pamba hupumua: upepo ukija linafutuka kama tanga, wewe wapata hewa na jirani haoni ndani. Blaindi ya kitambaa, ile inayojizungusha kwenye mrija, ukiishusha umeshafunga dirisha. Ile ya vipande vyembamba vya alumini inapitisha upepo ukivilaza, ila kusi ikivuma itakupigia ngoma usiku kucha. Basi dirisha linalopokea upepo, litie pazia. Lisilopokea, endelea kusoma.

Hatua ya 2: angalia jua. Tuko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo dirisha la magharibi linachomwa mwaka mzima. Hilo litie pazia lenye bitana nyeupe upande wa kioo. Bitana hiyo si urembo. Inarudisha jua nje, na kitambaa chako hakipauki upesi.

Hatua ya 3: vyumba.
Sebule: fimbo mbili, neti upande wa kioo, pazia zito mbele yake.
Chumba cha kulala: pazia lenye bitana.
Jikoni: blaindi ya alumini. Mafuta yakirukia unapangusa kwa sabuni, na pazia na moto havikai jirani.
Bafu: blaindi ya plastiki. Ya mbao hapana, unyevu utaipinda.
Chumba cha watoto: pazia. Kamba ya blaindi yaweza kumnyonga mtoto kimya kimya, nawe uko chumba cha pili. Na kitanda chake kisikae chini ya dirisha lenye kamba.

Hatua ya 4: kupima. Hapa ndipo nilipoharibu. Dirisha la jikoni kwangu nililipima mara moja tu, juu, nikapata sentimita 118, nikaagiza blaindi ya kuingia ndani ya tundu la dirisha. Fundi akaja nayo. Juu ikaingia vizuri, chini ikakwama, maana plasta ilikuwa imevimba na upana wa chini ni 116 na nusu. Blaindi hukatwa kwa kipimo ulichotoa, dukani hawaipokei tena. Ilikaa nyuma ya kabati miezi minane, na kila nikitafuta ufagio inaniangukia.

Basi pima upana juu, katikati na chini, uchukue ulio mdogo. Urefu vile vile, kushoto, katikati, kulia. Tumia tepu ya chuma, si ile ya fundi cherehani, hiyo huvutika. Mwambie fundi waziwazi kama ulichompa ni kipimo cha tundu au cha blaindi yenyewe. Kuna wanaopunguza nusu sentimita wenyewe na kuna wasiopunguza, na usipomwambia utajua siku ya kufunga. Tena angalia mkono wa dirisha la chuma na grili. Vikijitokeza ndani, blaindi itaning'inia juu yake kama kanzu kwenye msumari. Hapo ifunge nje ya tundu, ukutani, izidi sentimita 10 kila upande.

Hatua ya 5: vyuma. Chumvi ya bahari haina huruma. Chukua alumini au chuma kisichoshika kutu, na skrubu ziwe hivyo hivyo.

Hatua ya 6: kitambaa. Upana wa fimbo mara mbili. Kama ni pamba kiloweke kabla hakijafika kwa fundi, maana kikilowa kitarudi, yaani kitapungua.

MASWALI

Mtu_wa_Bamburi: Blaindi bei gani?
— Ya aina gani, dirisha kubwa kiasi gani?

Mpangaji: Sijasoma yote, chumba cha kulala nitie nini?
— Hatua ya 3, mstari wa pili.

Mpangaji: Si ungejibu tu ndugu yangu.
— Nimejibu kabla hujauliza.

FundiMwenzio: Hiyo ngoma ya usiku umetia chumvi. Blaindi za alumini zina vishikio chini.
— Zangu pia zinavyo. Ukishavifunga, kila ukitaka kuinua uiname uvitoe kwanza. Nani afanyaye hivyo saa nane za usiku? Lakini haya, "usiku kucha" naifuta.

Bi_MjiWaKale: Mwanangu, nyumba yetu ni ya mawe ya zamani. Tukitoboa, ukuta wamwagika kama unga, fimbo haikai.
— Shikamoo bibi. Huo ni ukuta wa matumbawe na chokaa, hautaki kupigwa. Fundi azime nyundo ya drili, aanze na tundu dogo. Bora zaidi auache ukuta kabisa, afunge fimbo kwenye fremu ya mbao ya dirisha. Na kama zile mbao za luva za nje bado mnazo, hakuna blaindi itakayozishinda: kivuli chapatikana na upepo wapita. Ndani tieni pazia jepesi la nusu dirisha tu.

Bi_MjiWaKale: Marahaba. Tunazo, ila mbili zimevunjika.
— Msizitupe. Seremala hubadilisha kipande kimoja kimoja.

Salma_K: Pete za fimbo zimeacha doa la kutu kwenye pazia jeupe. Nitie dawa ya klorini?
— La! Klorini hulikaza doa. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, kisha suuza. Huenda ukarudia. Pete zenyewe, hatua ya 5.

Salma_K: Limetoka, ahsante! Na kanga yafaa pazia?
— Yafaa sana kwa dirisha fupi. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110, basi doti moja yatosha fimbo ya mita moja na nusu. Ifue kwanza itoke wanga.

Salma_K: Na jina lisomeke ndani au nje?
— Inategemea jirani.